Futi ya Mama na Trela Langu

Kwanza nieleweke: trela ni langu. Nililinunua mwenyewe, gari linalolivuta ni langu, na leseni iliyomo mkobani ina sura yangu. Nayasema haya mapema kwa sababu tangu nililete nyumbani kwetu, mtaa wa Qurum, kila mwanamume aliyepita getini alisimama kuniuliza nani atalivuta.

Mama hakuuliza. Aliingia ndani ya kijumba kile cha magurudumu, akabonyeza godoro, akafungua jiko, akasema panatosha. Marehemu Baba alikuwa akimpeleka pwani ya upande wa Quriyat kila baridi ilipoingia, wakalala hemani. Baba alipoondoka hakuna aliyempeleka tena, na magoti yake hayamruhusu kulala chini. Nilinunua trela ili Mama airudie pwani yake, na nilitaka nimpeleke mimi.

Safari ya kwanza iliishia njiani. Ulimi wa trela, kile chuma cha mbele kinachoshikana na gari, ulikuwa mzito. Uliikandamiza nyuma ya gari mpaka pua ikatazama mbinguni. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa atufuate kwa gari lake pamoja na mkewe, akatoa shauri: mapipa ya maji yahamishiwe mkiani mwa trela, pua itashuka. Ikashuka kweli. Lakini trela lenye mkia mzito halitulii barabarani. Mteremkoni lori likatupita, upepo wake ukatupiga, na trela likaanza kuyumba huku na huku likiliburuta gari nalo. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikaushika usukani sawasawa, tukasimama kando salama.

Mdogo wangu akaja mbio, akachomoa ufunguo.

"Dada, mwanamke na trela, wapi na wapi?"

Akaketi yeye kwenye usukani, akaturudisha nyumbani, mkewe akitufuata na gari lao. Mama hakuiona bahari siku ile. Kabla ya magharibi, video aliyoipiga mkewe, trela likicheza na mimi ndani, ilikuwa imefika kwenye simu za ukoo mzima. Hakuna aliyeandika kwamba mapipa aliyahamisha yeye. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda.

Nilisoma, nikauliza, nikaagiza kifaa cha kugawa uzito. Ni kichwa kizito cha chuma kinachoingia nyuma ya gari, na fito mbili za chuma zinazopita chini ya ulimi wa trela na kushikwa kwa minyororo. Ukiivuta minyororo, fito hupinda kidogo, na sehemu ya ule uzito ulioielemea nyuma ya gari husukumwa hadi magurudumu ya mbele, na nyingine hurudi kwenye magurudumu ya trela. Hakuna uchawi. Nikakipeleka mtaa wa Ghala, kwenye gereji ya fundi Mkenya.

"Madam, mwenye gari ako wapi? Tuongee na yeye."

"Unaongea naye."

"Sawa, lakini hakuna mzee ama kaka wa kutuonyesha vile anataka?"

"Hakuna mzee. Anayetaka ni mimi."

Akacheka, akachukua spana. Alifunga vizuri, siwezi kumsingizia. Gari na trela vilisimama sawa kama meza, nikarudi Qurum nikiimba.

Furaha ile iliishi mpaka Mama alipoanza kupakia. Kwetu mtu haendi pwani na chakula chake tu. Huko pwani, anayepita mbele ya kambi yako hukaribishwa, akikaa hulishwa, na Mama hajawahi kumwacha mtu apite. Basi akapakia sufuria la biriani linalotosha harusi, gunia la mchele, mkaa, majamvi, mito, mabirika ya kahawa, tende, halua na mapipa ya maji.

"Mama, tunakwenda wawili."

"Wawili wa kwetu. Na wageni je?"

Nyuma ya gari ikazama tena. Fundi alikuwa amepima trela tupu, na kwetu trela tupu haliendi popote. Mdogo wangu alipita jioni, akatazama, akatabasamu. Akasema kesho asubuhi atakuja kumchukua Mama kwa gari lake, mimi nibaki na chuma changu.

Alipoondoka nilifungua mkoba wa spana, nikavaa glavu. Nilifanyia palepale mbele ya geti, penye sakafu iliyonyooka, wapitao wakipita na kusimama. Wasimame! Mapipa niliyaweka karibu na magurudumu ya trela, si mkiani. Nikalitenga trela na gari. Kisha nikamwita Mama.

"Njoo ukae mahali pako."

"Sasa? Si tunakwenda kesho?"

"Nataka kulipima gari na watu wake."

Mama yangu ni mnene, na kwa miaka mingi amegoma kupanda mizani ya daktari. Alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Unanipima mie?"

"Nalipima gari, Mama."

"Haya. Lakini kilo zangu usizitaje." Sijazitaja mpaka leo.

Akaketi kiti cha nyuma, akanipitishia dirishani futi yake ya kushonea, ileile aliyoshonea kanzu zetu zote. Nikapima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi ya mbele. Nikaliunga trela, mbele kukapanda. Nikafunga fito, nikapima.

"Vipi?" akauliza Mama.

"Bado mbele kuko juu."

"Pamepwaya hapo. Bana tena."

Nikauinua ulimi kwa jeki, nyuma ya gari ikapanda nao, minyororo ikalegea. Nikaifunga pete moja juu zaidi kila upande, nikashusha jeki. Niliposoma futi tena, mbele ya gari kulikuwa kumerudi karibu pale palipokuwa kabla ya kuunga trela. Nililizunguka gari lote, nikalikuta limetulia. Nilipiga kigelegele peke yangu barabarani, na Mama akanijibu kutoka ndani.

Asubuhi mdogo wangu alifika kama alivyoahidi. Mama alikwisha kukaa mahali pake, baibui limetandazwa, birika la kahawa mapajani. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Akanyoosha mkono dirishani kuomba ufunguo, kwa mazoea. Nikamtilia futi ya Mama kiganjani.

"Kapime."

Nikamwambia vipimo vya jana. Akainama mbele, akapima. Akaenda nyuma, akatikisa minyororo. Akarudi mbele, akapima tena. Kisha akamwendea Mama, sauti imepungua.

"Mama, basi njoo ukae kwangu. Njia mbaya ile, moyo wangu hautulii."

"Siji."

"Kwa nini, Mama?"

Mama akavuta mkanda, akaufunga juu ya tumbo, akaupigapiga.

"Mie nshapimwa na gari hii. Nkishuka, kazi yote ya dadako itaharibika. Yallah mwanangu, washa."

Nikawasha. Mdogo wangu alikuwa bado ameishika futi tulipoondoka. Alitufuata nyuma mpaka Quriyat, mteremko wote, na malori yalipotupita trela halikuyumba. Safari hii hakuna video iliyotumwa.