Nahodha Niliyemkatalia Kufa

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na sioni haya kusema kwamba napenda tamthilia za uongo. Namaanisha uongo hasa: meli zinazokatiza kati ya nyota, wachawi wanaofungua milango hewani, majoka yenye mabawa na adabu kuliko watu. Majirani zangu wanapenda za ndoa. Mume akitoroka wanalia mpaka mitandio inalowa. Mimi ndoa ninayo nyumbani, sina haja ya kuangalia ya mwenzangu. Nataka nionyeshwe kitu ambacho sijawahi kukiona.

Ila nikiangalia sinyamazi. Nagombana nao. Hebu fikiria, ni miaka elfu moja mbele, wamejua kuruka kutoka nyota hadi nyota, na zipu ya vazi la rubani bado wameiweka mgongoni. Nani anamfungia? Malkia wa vita kavalishwa ngozi iliyombana hadi kwapani, upanga atauinuaje? Nimeshona makwapa kwa miaka ishirini na miwili, makwapa nayajua. Lakini mshono nitausamehe. Wakimchukua mtu mwenye akili zake wakamtendesha upuuzi ili hadithi isonge mbele, hapo ndipo nanyanyuka kwenye kiti.

Mwenzangu wa kuangalia ni mama mkwe. Nikisema kuangalia nakosea, maana tulipoanza alikuwa haoni. Mwaka aliofiwa na mumewe ndio mwaka mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili, akahamia kwetu na sanduku moja la nguo. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, yuko nyumbani siku nne kwa mwezi, basi nyumba ikawa ya wanawake wawili. Mimi chumba cha mbele na cherehani yangu, yeye chumba cha nyuma, kitandani, kaupa ukuta uso. Chai inapoa, sahani inarudi ilivyokwenda. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikambembeleza tena, wapi.

Alasiri moja nilikuwa naangalia ile ya meli ya angani huku nafoka peke yangu. Akaja akipapasa ukuta, akauliza nagombana na nani. Nikamwambia nagombana na nahodha, mzee mmoja wa ndevu nyeupe, kamwachia usukani mtu asiyemjua hata kwa jina. Akatafuta kiti kwa mguu, akakaa.

"Sasa huyo mtu," akasema, "usukani kaupeleka wapi?"

Toka siku ile, saa kumi ikigonga alikuwa kwenye kile kiti. Wenyewe wanazungumza lugha ya kigeni, basi mimi nasoma maandishi ya chini, naangalia nyuso, namsimulia. Sauti alizijua zote baada ya wiki moja. Aliyempenda kupita wote ni nahodha. Alisema ana sauti ya mtu aliyelea watoto. Akaanza kula. Akaanza kunitania juu ya mikono yangu inavyonukia mafuta ya cherehani. Na mimi nikawa macho yake kwa mengine pia. Namwambia gauni alilolishika ni la rangi gani, namtolea vidonge, namsomea ujumbe wa mwanawe kwenye simu. Alipenda kuniambia, "Wewe ndiye macho yangu, mwanangu." Nilijisikia vizuri, siwezi kuficha.

Halafu daktari akasema macho yanaweza kupasuliwa, ila presha iko juu mno, lazima ishuke kwanza, na tumwepushe na mishtuko. Wiki hiyohiyo, wakamuua nahodha.

Sijui ni nani aliyekaa chini akaandika mambo yale, na sitaki kumjua. Mzee wa watu kajifungia chumba cha injini ili moto usiwafikie wengine, anawatazama kupitia kioo, basi, kaisha. Mama alikuwa kakaa ukingoni mwa kiti, viganja vimebanana, anasikia kelele na haoni.

"Katoka?" akauliza.

"Katoka, Mama," nikasema.

Jamani, nilikuwa nimejipalia makaa. Kesho yake sauti ya nahodha haipo, na yeye anaisubiri. Nikamwambia mwili wa nahodha umeungua vibaya, wakamhamishia roho mwili mwingine. Kwenye tamthilia hizi hilo ni jambo la kawaida, wala hakushangaa, aliuliza tu kama ndevu zimebaki. Nikatafuta wa kumpa nafasi. Kulikuwa na bwana mmoja mgeni, kapanda melini siku hiyo, ana sauti ya upole. Nikasema nahodha ndiye huyo. Nilimchagua harakaharaka, sikungoja kumjua, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

Yule bwana alikuwa msaliti. Sehemu ya tatu tu akatia sumu kwenye matangi ya maji; nikamwambia Mama nahodha anatia dawa ya kuua vijidudu. Akamuuza rubani kwa maadui. Nikasema kampeleka masomoni. Watu wakipiga mayowe, nasema wanamshangilia. Miezi minane nilitunga hadi nikasahau hadithi yenyewe inasemaje, na kila tukimaliza Mama alimwombea nahodha wake dua, Mungu amlinde na mwili wake mpya.

Presha ikashuka. Wakampasua jicho la kulia. Nilifurahi, lakini nilikuwa na hofu iliyoninyima raha, na hofu yenyewe ilikuwa moja: akijua nimemdanganya kwenye kitu alichokipenda namna ile, ataaminije vile vidonge? Ataaminije ujumbe wa mwanawe? Mtu asiyeona hana namna ya kuhakikisha, anachukua unachompa. Akishakuona mwongo, muda wote mliokaa pamoja unageuka wa uongo, na mimi ningebaki kwenye nyumba ile na mtu asiyeniamini.

Bandeji ilipotolewa alinitazama sana, akasema alishasahau kwamba mimi ni mfupi, kwa maneno yote yale. Tulicheka hadi muuguzi akatutoa nje.

Tulipofika nyumbani akataka tuanze tamthilia upya, azione sura. Nikasema televisheni mbovu. Siku ya pili nikasema fundi anasubiri kifaa. Siku ya tatu alienda mwenyewe akabonyeza swichi, ikawaka. Alinigeukia tu.

Nikasimamisha cherehani, nikamweleza yote, kuanzia chumba cha injini hadi matangi ya maji. Nikamwambia habari ya presha na maneno ya daktari.

"Miezi minane?" akauliza.

Nikasema ndiyo, miezi minane. Akainuka akaenda chumbani kwake.

Kumbe alikwenda kukagua. Alitoa nguo zote sandukuni akazipanga kitandani, akaniita: lipi nililomwambia la bluu? Lipi la kijani? Nikamwonyesha. Akachukua vidonge, akalinganisha jina la kila pakiti na kadi ya hospitali, kaisogeza karibu na lile jicho lake moja. Kisha akachukua simu, akasoma ujumbe wote wa mwanawe wa mwaka mzima, midomo ikicheza. Kulikuwa na mmoja ambao mwanawe alisema barabara imemchosha na kuna siku anatamani asingekuwa na watu wanaomtegemea. Siku ile nilitamani kuuruka, sikuuruka, nilimsomea na akalia. Nikamwona kafika hapo, kasimama, kasoma mara mbili. Akaendelea.

Siku mbili aliniweka hivyo. Matone ya jicho alijitilia mwenyewe, nusu yanamwagikia shavuni, na mkono wangu hakuutaka. Iliniuma, na ikanitia hasira pia. Nilikaribia kumwambia kwamba hakuna binti yake hata mmoja aliyejitolea kumchukua. Namshukuru Mungu ulimi uliganda. Nilirudi kwenye kazi, nikashona kola mbili za sare za watu ndani nje.

Alasiri ya siku ya pili alikuja chumba cha mbele, akavuta kiti.

"Washa," akasema. "Kile kipande cha chumba cha injini."

Nikawasha. Sura ya nahodha aliiona kwa mara ya kwanza siku ile anayokufa. Alimtazama bila kupepesa, hadi kwenye kioo, hadi mwisho. Kisha akalia, na mimi nikalia, kilio nilichokimeza miezi minane. Tulitumia kitambaa kimoja cha sare, cha rangi ya kaki.

"Ungeniachia nimlilie," akasema. "Mume wangu nilimlilia na sikufa."

Nikamwomba radhi. Sikuzungusha maneno, nilisema nimekosa na nilimwogopea. Alitaka kumwona yule msaliti. Nikamtafutia, akamkodolea macho, sumu mkononi na tabasamu usoni.

"Huyu?"

"Ndiye."

"Mungu wangu, na dua zote zile," akasema, na mabega yakaanza kumcheza. Nilidhani analia tena, kumbe anacheka. Tuliangalia sehemu tatu, na hata yeye siku hizi anagomba. Anasema hakuna meli isiyo na kamba ya kuanikia nguo, na wale watu wamevaa nguo zilezile toka walipong'oa nanga. Lakini asubuhi yake, matone alijitilia mwenyewe. Wiki tatu alijitilia mwenyewe. Tunacheka alasiri, na asubuhi ananifungia mlango, basi sikujua nimesamehewa au la.

Wakatuita kwa jicho la kushoto. Baada ya upasuaji muuguzi mkuu alikuja na chupa tatu, kila moja na saa zake, na karatasi ya maelekezo. Alikuwa mtu wa kazi, hana mchezo. Akamwambia Mama asikilize kwa makini, na kwa kuwa jicho moja sasa linaona, dawa azishike mwenyewe, maana ndugu wengi huwapotosha wagonjwa na hospitali imechoka kuwarudisha kitandani. Mimi niliangalia sakafu.

Mama alizipokea zile chupa moja moja. Kisha akazihamishia mapajani mwangu, na karatasi juu yake.

"Mwelezeni huyu," akasema. "Anaongopa kwenye sinema tu."