Kabati la Ukutani kwa Mama

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yanaweza kumfanya mtu amwone vingine, na hata mimi kuna kipindi nilishindwa kukaa naye meza moja. Alimpenda mama, halafu akaanza kupata pesa haraka. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuiacha nyumba ya wazazi ipumzike, kila Jumamosi anakuja na fundi.

Kwetu ni juu ya Moshi, kwenye migomba. Kwa desturi ya Wachagga kihamba cha baba, yaani shamba pamoja na nyumba iliyomo, humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho, naye ndiye anayebaki na mama. Huyu wa kwetu alibaki naye kwa mtindo wa siku hizi. Alikuwa na duka mjini, akiuza redio na televisheni zilizokuwa zinamiminika nchini baada ya biashara kufunguliwa. Alipanda nyumbani Jumamosi, akashuka Jumapili baada ya misa. Mimi nilikuwa nafundisha Sanya Juu, na wenzetu wengine walikuwa Dar. Baba tulikuwa tumeshamzika. Kwa hiyo katikati ya wiki mama alibaki na ng'ombe wake, na watu waliokuja jioni kusikiliza redio.

Watu hao ndio waliomweka hai, sina namna nyingine ya kusema. Walianza kuja enzi za baba na hawakuacha alipofariki. Redio ilikaa kwenye meza ya pembeni, juu ya kitambaa cha kufuma, na mzee mmoja jirani, ng'ambo ya mfereji, ndiye aliyekuwa na kazi ya kutafuta stesheni. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alikuwa tu ndiye anayeinuka, anazungusha kitufe, anagonga ubavu wa redio kidogo, anarudi kukaa. Walikuwa wakisikiliza taarifa ya habari, kisha matangazo ya vifo, kisha wanaanza kuulizana: huyu si yule aliyeolewa kule juu? Nani atakwenda kuzika? Nani atapeleka ndizi? Wengine walikuwa na redio zao ndogo nyumbani, lakini taarifa ilisikilizwa kwa mama.

Mdogo wangu alianza na jiko. Alibomoa lile la zamani la kuni, lenye dari jeusi kwa moshi ambapo mama alikausha kuni na kuivishia ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi, akamjengea jiko la ndani lenye vigae na mtungi wa gesi. Sisi sote tulimsifu. Mimi nilimwambia mama sasa macho yake yatapona.

Kisha likaja kabati. Miaka ile wezi walikuwa wanapanda na gari kutoka mjini, wanavunja nyumba za watu wenye televisheni. Hofu yake haikuwa ya kubuni. Aliona picha kwenye kitabu kimoja cha matangazo kilichokuja na bidhaa zake, nyumba ya Ulaya ambayo vyombo vyote vya muziki na picha vilikuwa mahali pamoja ndani ya ukuta, havionekani. Akamtafuta seremala wa Majengo, mjini, fundi wa mbao mwenye mkono safi kweli, wakakaa nyumbani wiki kadhaa.

Ukuta kati ya sebule na korido waliutoboa, wakaweka rafu. Chini amplifaya, mtambo wa kukuza sauti, juu yake redio kaseti na deki ya video, juu kabisa televisheni. Halafu wakauvisha ukuta mzima mbao kutoka pembe hadi pembe, ili mlango wa kabati usitofautiane na mbao nyingine. Ulikuwa hauna kitasa. Mtu alisukuma kwa kiganja mahali fulani, akasikia mlio mdogo, ukafunguka. Nyaya zilipita darini hadi kwenye spika za sebuleni, chumbani kwa mama, jikoni na barazani. Swichi ya kuwasha redio aliiweka koridoni. Antena, ambayo ingetuumbua, aliipandisha kwenye mparachichi nyuma ya zizi, ikielekea Kenya kulikotoka picha. Nilimuuliza kama mwizi hajui kuangalia juu ya mti. Akasema, "Dada, mwizi akiona antena kwenye parachichi atafikiri ni ya kufukuzia kima."

Jumapili ya kwanza alitukusanya sebuleni baada ya misa. "Tafuta televisheni," akaniambia. Nilipapasa ukuta mzima kama kipofu, tukacheka hadi mama akakaa chini. Ilikuwa kazi nzuri, hilo silikatai mpaka leo. Kabla ya kuondoka alimshika mama mkono akamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, mtu asijue vilipo. Hata jirani. Mdomo wa mtu huujui unapoishia."

Jioni yake watu walikuja kama kawaida. Mama alinisimulia mwenyewe. Aliwasha swichi kabla hawajaingia, sauti ikashuka kutoka darini. Yule mzee aliinuka kwa mazoea kwenda kwenye meza ya pembeni, akaikuta haipo. Akasimama kidogo katikati ya sebule, akarudi kukaa. Hakuuliza. Kwetu mgeni haulizi kitu ambacho mwenye nyumba hakukionyesha. Walisikiliza taarifa wakitazama sakafu, na matangazo ya vifo yalipokwisha waliaga wote pamoja. Kesho yake walikuja wachache. Haukupita muda jioni za mama zikawa kimya.

"Wamejua nimeficha," mama aliniambia. "Mtu atakaaje kwangu akijua namwona mwizi?"

"Si uwaonyeshe tu, mama."

"Nimemwahidi mdogo wako."

Nilimpelekea mdogo wangu maneno hayo dukani kwake. Alikuwa anamfungulia mteja boksi. Akasema watazoea, na kwamba siku hizi kila mtu ana redio, kwa nini wajazane kwa mama. Nilimjibu vibaya. Tukaachana hivyo.

Baada ya hapo mama akaanza kuwasha redio asubuhi hadi jioni. Mdogo wangu alifurahi sana. Kila aliyekutana naye alimwambia jinsi mama alivyoipenda ile mitambo, haizimi. Na jambo jingine likamfurahisha: watu walikuwa wanarudi. Mama alikuwa anapika mbege tena, na panapopikwa mbege hakuna anayehitaji kualikwa. Mdogo wangu aliamini watu wameshazoea, kama alivyosema.

Nilipokwenda likizo nilisikia harufu nikiwa bado koridoni. Nilimkuta mama amefungua kabati. Kwenye rafu ya chini, kuzunguka amplifaya, alikuwa amepanga ndizi zilizofunikwa magunia na majani makavu ya mgomba, kwa ustadi uleule aliopangia dari lake la zamani.

"Hapa pana joto zuri," alisema. "Giza lipo, upepo hakuna. Ila umeme ukikatika zinachelewa."

Ndipo nikaelewa kwa nini redio haizimwi. Nilicheka hadi nikatokwa machozi, naye akacheka, akaniambia ratiba yake yote. Jumapili mdogo wangu akishuka, yeye anapakia. Kabla ya Jumamosi anapakua na kufuta kila kitu kwa kitambaa. Nilimwambia atachoma nyumba. Akaniuliza ni nani kati yetu aliyekaa na moto miaka mingi kumzidi.

Likizo ileile mdogo wangu alipanda katikati ya wiki bila taarifa. Alikuja na mteja, bwana mmoja mwenye hadhi kutoka Arusha aliyetaka kutengenezewa kabati kama lile. Mama alikuwa uani anachuja mbege, na watu wake wamejaa kwenye mabenchi, yule mzee akiwa mstari wa mbele. Nilijaribu kumzuia mdogo wangu mlangoni kwa salamu ndefu. Hakunielewa. Akamwingiza mgeni sebuleni, akamwambia kwa ile furaha yake, "Tafuta televisheni." Mgeni hakuiona. Mdogo wangu akasukuma mbao kwa kiganja.

Wadudu wadogo wa ndizi walitoka wote kwa mkupuo, kisha gunia likateleza na chane ya ndizi mbivu ikaanguka kwenye viatu vya mgeni. Maji ya ndizi yalikuwa yameshachuruzika hadi kwenye nyaya. Yule bwana alicheka sana. Nje, watu waliosimama kuona kulikoni walikuwa dirishani, na ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuona redio ilipo. Hakuna aliyecheka. Mmoja mmoja walirudi kwenye mabenchi wakachukua kofia zao, wakaondoka.

Mgeni alipoondoka mdogo wangu alikaa kwenye kochi na mikono kichwani. Hakufoka, ningependa angefoka. "Mama," alisema, "umekosa nini nikuletee?"

"Sijakosa kitu, baba. Nilitaka watu waje."

"Kama ni mbege si nikununulie? Ndoo nzima, kila wiki."

"Ya kununua watainywea kwa anayeuza."

Alilisafisha kabati mwenyewe, akabadilisha nyaya, akaliwekea kufuli ya ndani. Ufunguo akaenda nao Moshi. Alisema ni kwa ajili ya moto, na kwa moto alikuwa na haki, nyumba ingeweza kuungua na mama ndani. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Tulizaliwa wengi, tumesoma, tunajua kuchora ramani za nyumba na kuagiza vitu Dubai, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumrudishia jiko lake la kuni. Mafiga matatu na dari juu yake. Jambo hilo lilinijia akilini miaka mingi baadaye, nikiwa nachemsha chai yangu, nikazima jiko nikakaa. Mama hakuliomba, kwa sababu tulikuwa tumeshamwambia kwa furaha kwamba lile jiko lilikuwa la kizamani.

Mbege haikupikwa tena nyumbani. Jioni moja siku zile nilipanda bila kumwambia mama. Niliingia nikakuta sauti ya mtangazaji inatoka darini, sebuleni, jikoni, chumbani, kila mahali, na mama hayupo. Nilimwita hadi zizini. Mwishowe nikavuka mfereji.

Watu walikuwa wamekaa uani kwa yule mzee. Alikuwa na redio ndogo ya betri juu ya goti, ameishika kwa mikono miwili, ikikoroma. Mama alikuwa kwenye benchi la mwisho kabisa karibu na njia, pale anapokaa mgeni ambaye hajazoeleka. Niliwaamkia wazee shikamoo, nikamwinamia.

"Mama, mbona nyumbani inasema vizuri zaidi? Twende."

"Nimeiwasha ili mwizi asijue nimetoka," akasema bila kugeuka. "Kaa. Unatuzibia."

Akasogea. Nikakaa pembeni yake, na hapo, kwenye ua wa watu, ndipo niliposikiliza taarifa ya habari pamoja na mama yangu kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba.