Sukari ya Chini ya Mkebe

Mtaa wa Chechelesi, mjini Isiolo, miaka ya sabini haukuwa na jogoo wengi, lakini ulikuwa na Ekidor. Kila alfajiri alitoka nje ya nyumba yake ya udongo na kikombe cha chai ya rangi mkononi, akatazama upande wa jua, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti ambayo hata majirani wa nyumba ya tatu waliisikia.

"Asante Mungu kwa chai. Asante kwa goti, jana lilikuwa linauma na leo limenyamaza. Asante kwa ng'ombe wa Habibo amezaa, na ndama ni mzima. Asante kwa mtoto kulala bila kukohoa."

Ndipo alipokunywa. Kisha alichukua nyundo yake akaenda kuvunja kokoto, kazi aliyoifanya tangu alipokuja Isiolo akiwa kijana bila mfugo hata mmoja. Alikuwa Mturkana aliyebatizwa ukubwani, na kwa maneno yake mwenyewe, maombi marefu ya kanisani yalimshinda, kwa hiyo alichagua yale mafupi aliyoyaweza. Watu wa mtaa walimwita Bwana Asante. Walimcheka, lakini walimpenda.

Mkewe, Nakal, hakuona cha kuchekesha. Yeye alizaliwa katika boma kubwa. Baba yake alikuwa na ng'ombe na ngamia mpaka wakati wa vita vya shifta vya miaka ya sitini, walipopotea wote, na msichana aliyezoea kunywa maziwa mpaka akasaza alijikuta mjini akinunua maziwa kwa kikombe. Ekidor alimwoa mwaka wa sabini na tatu, na miaka mitatu baadaye wakampata Everline, mtoto wao wa pekee. Nakal alikuwa mwanamke mwenye bidii. Alichoma makaa, alifua nguo za watu. Lakini moyoni alikuwa bado anasubiri boma lile lirudi, na kila siku ambayo halikurudi aliihesabu kama siku aliyonyimwa.

Jirani yao, Habibo, alikuwa Mborana, mjane, mwenye ng'ombe wawili watatu aliowaweka nyuma ya nyumba. Jioni alipita na kibuyu chake.

"Salaam aleikum, watu wa hapa. Nimeleta ya mtoto."

"Karibu, mama," Ekidor alijibu, na kesho yake maziwa hayo yaliingia katika shukrani zake. Nakal aliyapokea bila kumwangalia Habibo usoni. Kila tone lilimkumbusha kwamba sasa yeye ni wa kuletewa.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na tisa, wifi yake Nakal alikuja kuwatembelea. Siku nzima alizungumza habari za mbuzi wao waliozaa mapacha, na mtamba aliyetolewa mahari, na jinsi mumewe alivyochoka kwa kupanua boma. Alipoondoka, Nakal hakula. Asubuhi Ekidor akatoka nje kama kawaida.

"Asante Mungu kwa sukari. Nilidhani imekwisha, kumbe ilibaki chini ya mkebe. Nimeikwangua, imetosha watu wote watatu."

Nakal akatoka na hasira zake zote.

"Huyo Mungu wako ni wa kukwangua mkebe?" alisema. "Wanaume wengine wanapewa ng'ombe. Wewe unapewa sukari iliyoganda, na unatangazia mtaa mzima! Unajua kwa nini hatupati kitu, Baba Everline? Kwa sababu umemwambia Mungu kwamba umetosheka. Mimi sijatosheka. Mwambie hivyo."

Ekidor alisimama na kikombe chake. Everline, aliyekuwa amemshika suruali, aliangalia juu, akasubiri baba aendelee. Hakuendelea. Alikunywa chai akamaliza, akaingia ndani, na ilikuwa mara ya kwanza Nakal kumwona akinywa chai kama mtu mwingine yeyote. Nakal alijisikia ameshinda. Baadaye alisema kwamba siku hiyo ndiyo anayoiona akifumba macho.

Haikupita wiki, Ekidor akapanda lori la kwenda Merti. Alikuwa amesikia kwamba kule Biliqo kuna tajiri wa Kiborana aitwaye Sharamo anayetafuta mchungaji, na mshahara ni mtamba mmoja kwa mwaka. Alimwambia mkewe, "Nitarudi na ng'ombe." Hakuweka lawama ndani ya maneno hayo. Nakal alimfungia nyama iliyokaushwa, akampa blanketi zuri kuliko lile lililobaki.

Miaka ile ya kungoja, Nakal alikuwa na furaha ya mtu anayejenga kitu. Alichagua mahali boma litakapokaa. Alikwenda akakata miiba, akairundika. Alimwuliza Habibo maswali juu ya ndama ambayo zamani kiburi kingemzuia kuyauliza, na Habibo alimjibu kwa upole, kana kwamba hakuwahi kupokewa kwa uso wa pembeni.

Mtoto ndiye aliyemsumbua. Kila asubuhi Everline alichukua kikombe chake cha uji akasimama palepale baba yake aliposimama.

"Asante Mungu kwa uji. Asante kwa... kwa mbuzi ya Habibo. Asante kwa vidole."

"Kunywa uji, wewe," Nakal alimwambia. "Wacha maneno. Uji unapoa."

Mtoto alikunywa. Baada ya muda akaacha kwenda nje.

Mwaka wa themanini na mbili surua iliingia mtaani. Watoto wengi waliugua, wengi wakapona. Everline alianza kwa homa na macho mekundu, kisha kifua kikambana. Habibo ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, Nakal akifuata nyuma. Walilazwa. Siku ya tatu, asubuhi, mtoto alifungua macho akaonekana ana nafuu. Muuguzi alileta uji. Everline alikitazama kikombe, hakukigusa.

"Mama, sema ile ya baba."

"Ipi?"

"Ya asante."

Nakal alifungua mdomo. Aliangalia wadi ile, vitanda vilivyobanana, watoto wawili wawili juu ya godoro moja, akaangalia ule uji, na hakuona kitu cha kuanzia. Aliona pia haya, maana akina mama wengine walikuwa wanasikiliza.

"Ukipona tutasema," alijibu. "Tutasema na baba akirudi. Kunywa."

Everline alifariki kabla ya saa sita mchana.

Habari zilitumwa Merti kupitia dereva wa lori, lakini Ekidor alikuwa mbali na ng'ombe wa Sharamo, wanahamahama kufuata majani, na hakuna aliyempata. Kwa hiyo mwaka uliofuata, siku moja alasiri, Nakal alisikia kengele za ng'ombe akatoka nje, akamwona mumewe anakuja kwa miguu, amekonda, mweusi kwa jua, anaswaga mitamba watatu wazuri na mmoja wao ana mimba. Begani alikuwa ameninginiza viatu vidogo vya akala, vya mpira wa gurudumu. Alivikata mwenyewe, akikisia mguu umekua kiasi gani.

"Yuko wapi?" aliuliza hata kabla ya salamu. Alikuwa anacheka.

Nakal alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo kwa miezi. Alisema tu, "Baba Everline, sikuweza kumshika," akaketi chini penye vumbi.

Ekidor aliingiza kwanza ng'ombe katika boma la miiba. Alifunga mlango wa boma vizuri. Kisha akaja akaketi karibu na mkewe, wakakaa hivyo mpaka Habibo alipokuja kuwainua wote wawili.

Hakumlaumu. Nakal alingoja alaumiwe, wiki kwa wiki. Alitamani mumewe amwambie, wewe ndiye uliyenituma. Lakini Ekidor alizungumza naye vizuri, aliwapeleka ng'ombe malishoni, jioni alirudi. Yule mwenye mimba akazaa, maziwa yakajaa nyumbani. Nakal alipata kile alichokililia tangu usichana. Asubuhi alimpelekea mumewe kikombe kimejaa mpaka juu, na Ekidor alikinywa akiwa ameketi ndani, ameangalia ukuta. Hakuna aliyemwita tena Bwana Asante. Hata kanisani aliacha kwenda. Alipoulizwa na wazee wa kanisa alijibu kwamba ng'ombe hawana Jumapili.

Halafu ukaja mwaka wa themanini na nne. Mvua haikunyesha ya kwanza, haikunyesha ya pili. Watu wa Korbesa na Biliqo walishuka mjini na mifugo iliyokuwa ngozi na mifupa, ikaangukia barabarani. Ekidor aliwapeleka ng'ombe wake mbali, akawarudisha, akawakatia matawi. Walikufa mmoja baada ya mwingine, ndama akatangulia. Wa mwisho walimvuta pamoja, mume na mke, kwa kamba, mpaka kwenye korongo. Wakarudi nyumbani hawana kitu, kama walivyokuwa mwanzo, isipokuwa mwanzo walikuwa watatu.

Serikali iligawa mahindi ya manjano. Watu waliyanung'unikia, wakasema ni chakula cha farasi. Nakal alisaga, akapika uji asubuhi, akakwangua sufuria. Uji ukatosha vikombe viwili. Alivitazama. Kisha, kwa sababu ambayo hakuweza kumweleza mtu hata baadaye, alichukua chake akatoka nje, akasimama pale.

"Mungu," alisema. "Mungu, asante kwa haya mahindi. Hata kama ni ya manjano."

Ekidor alitoka mlangoni. Uso wake ulikuwa mkali, Nakal hakuwahi kuuona hivyo.

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana."

"Basi nyamaza. Hiyo kazi niliimaliza."

"Sikufanyii mzaha, Baba Everline. Sijui hata namna ya kusema. Ningejua, ningesema siku ile mtoto aliponiomba."

"Aliomba nini?"

Nakal hakuwahi kumwambia. Alikuwa amemsimulia homa, na wadi, na mazishi, lakini hilo alilificha. Sasa akalisema lote: jinsi mtoto alivyosimama hapo kila asubuhi badala ya baba yake, jinsi alivyomkatiza mpaka akaacha, na ile asubuhi ya mwisho, "sema ile ya baba", na yeye akaona haya mbele ya wanawake asiowajua. "Kitu kidogo hivyo," alisema. "Maneno mawili. Nikamnyima."

Ekidor aliingia ndani. Alichukua nyundo yake iliyokuwa imeshika kutu akaondoka. Nakal aliamini harudi. Jioni alirudi, vumbi la kokoto kwenye nyusi, akala, akalala.

Kesho yake Nakal alitoka tena nje. Na kesho kutwa. Mwanzoni alikuwa anajiadhibu, hilo alilikiri kwa Habibo. Alikuwa mtu anayelipa faini. Maneno yalikuwa makavu. Ilibidi atafute, na alipotafuta akagundua kwamba hajui vitu vya nyumba yake mwenyewe. Hakujua kwamba asubuhi ukuta wa nyuma unashika joto mapema, mtu akaweza kuuegemea. Hakujua kwamba Habibo, ambaye ng'ombe wake pia walikufa wote, bado alipita jioni bila kibuyu, anauliza tu wameshindaje. Miaka yote hiyo alikuwa anaona maziwa, hakumwona mtu. Polepole, bila yeye kujua ni siku gani hasa, ile faini ikageuka ikawa mazungumzo. Alianza kuamka akiwa na kitu cha kusema, na akawa na hakika kwamba kuna anayesikiliza. Imani yake ilianzia hapo, katika umri ambao wenzake walikuwa wanaozesha mabinti.

Mumewe alikaa ndani, mlango wazi, akinywa chai yake kimya.

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita, au saba. Vumbi la mawe lilikuwa limeshaingia kifuani mwa Ekidor, na kazi ilikuwa imemshinda. Nakal alikuwa amemaliza shukrani zake, anataka kuinua kikombe, aliposikia sauti kutoka ndani.

"Umesahau upepo."

Aligeuka. "Upepo?"

"Leo unavuma na hauna vumbi. Mimi napumua." Akakohoa kidogo. "Umeusahau."

"Asante kwa upepo," Nakal alisema haraka, akiogopa kama mtu aliyeona ndege ametua karibu.

Ekidor alirudi kwenye chai yake. Siku nyingi zilipita hajaongeza kitu kingine. Baada ya hapo, mara mojamoja, aliongeza kitu kimoja kutoka ndani, nacho kilikuwa kama ukumbusho wa mzee mwenye kumbukumbu nzuri: umesahau kuni, umesahau yule dereva aliyekubebea makaa. Jina la Everline hakulitaja. Nakal alilingoja, akisema moyoni kwamba siku atakapolitaja ndipo atakapojua amesamehewa. Ekidor alifariki mwaka wa themanini na nane, msimu wa mvua, na hakulitaja.

"Alikusamehe," Habibo alimwambia walipotoka makaburini. "Angekuwa hajakusamehe, angekuacha uusahau upepo."

"Labda," Nakal alisema. "Hakusema."

"Na wewe ulitaka aseme?"

"Nilitaka. Mimi pia niliombwa niseme, sikusema. Kwa hiyo najua mtu anavyoweza kushindwa."

Bado anakaa Chechelesi, anauza makaa. Wanawake wa kanisani wanamwomba atoe ushuhuda, naye anakataa, anasema yeye si mtu wa kufundisha mtu, alichelewa darasani mpaka mwalimu akaenda. Lakini asubuhi hutoka nje. Kuna siku anazungumza mpaka chai inapoa. Kuna siku hapati hata moja la kusema, anakaa tu kizingitini na kikombe chake mpaka jua limfikie magotini.