Hela ya King'ora

Kwa miezi mingi nilikana kwamba kisa kile nilikitunga. Nilikitunga. Wakati wa lockdown, nikiwa nimejifungia mtaani Lidcombe na shahada zangu, nilisoma mtandaoni utani kwamba Wamarekani hulipishwa hata kilio cha mtoto hospitalini. Nikautafsiri kwa ajili ya kikundi chetu cha WhatsApp cha kanisa. Ili unoge, nikautoa Marekani na kujitia mimi: eti nilipanda ambulensi hapa Sydney, nikadaiwa hela ya king'ora.

Hakuna aliyecheka. Walinipa pole. Mama Mchungaji akauliza, "Ni kweli, Mwalimu?" Niliona aibu kusema natania watu waliokuwa wakiniombea.

"Kweli tupu, mama."

Kisha Neema, binti wa kanisani kwetu, akapiga simu kutoka mtaa wa Rooty Hill. Mama yake alikuwa na korona, anapumua kwa shida.

"Auntie, mama anakataa ambulance. Anasema wewe ulilipishwa king'ora. Uko kwenye spika, anakusikia."

"Mama Neema, panda. Nilidanganya. Sijawahi hata kuipanda."

Nilimsikia akihema.

"Na sisi tulikuombea," akasema. "Neema, waite. Huyu mkatie."