Pampu ya kung'aa iliyonikwamisha njia ya Tunguu siku ya nikaha ya mdogo wangu

Wakuu, salaam. Nimeona kijana anauliza anunue pampu gani ya baiskeli ya kutembea nayo, na kila anayejibu anamwambia "chukua ndogo, nyepesi."

Ndogo nyepesi ndiyo iliyoniadhiri mimi. Mdogo wangu yu hai na anasoma humu, nikitia chumvi atanisuta.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nakaa Mlandege, mjini Unguja. Baba alikuwa keshafariki, kwa hiyo mimi kaka mtu ndiye walii wa Zuwena, wa kumwozesha. Nikaha ilikuwa Tunguu, nyumbani kwa baba mdogo, Ijumaa baada ya alasiri.

Wiki hiyo nikanunua pampu Darajani. Fupi, inang'aa, inaingia mfukoni. Dukani niliijaribu kwa kuziba tundu na kidole gumba, upepo ukanisukuma kidole, nikaridhika. Sijui nani aliniambia tairi ni kidole.

Jirani yangu Saidi, fundi baiskeli, akanitolea yake, ndefu, ya chuma, rangi yote imebanduka.

"Chukua hii, mwanangu. Hiyo yako haijaona jua."

"Ahsante, mzee, nshanunua."

Nilikuwa na kanzu mpya, sikutaka kufunga chuma kikuukuu kwenye baiskeli. Upumbavu mtupu.

Nikatoka baada ya sala ya Ijumaa. Nimeshapita nusu ya njia, pancha. Kiraka nikabandika vizuri, nikaanza kupampu.

Nasukuma, nasukuma, tairi limelala vile vile. Upepo wote unanirudia mkononi. Nikafunga upya mpira wa pampu, nikaitukana, kanzu ikalowa jasho na matope. Alipita mwenye baiskeli mmoja tu, naye hana pampu, anategemea za wenzake.

Nikawa naikokota. Mbele nikamkuta bi mmoja na chupa ya mafuta ya nazi, nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona waikokota?"

Nikamweleza.

"Na ngozi ya ndani umeitia mafuta? Mume wangu ndivyo afanyavyo."

Nikaifungua pampu. Ngozi ile inayosukuma upepo imekauka, imejikunja. Akanimiminia mafuta kidogo, na tairi likajaa. Nilitaka kulia kwa hasira.

Nikafika alasiri imepita zamani. Baba mdogo hakuniitikia hata salamu.

Kumbe kabla sijafika watu walishachoka kungoja, wakamtaka yeye asimame mahali pangu. Akaenda chumbani kumuuliza bibi harusi kama ameridhia. Kwetu mwari hajibu, akinyamaza ndiyo ridhaa yake. Zuwena, mwenye haya kuliko sote, alijua akinyamaza mambo yamekwisha. Akafungua mdomo mbele ya wanawake wote: "Namngoja kaka."

Walimsema mwaka mzima kwa maneno yale mawili. Aibu ilikuwa yangu, akaibeba yeye.

Nilipoingia kumuuliza mimi, na kanzu yangu ya matope, alinyamaza.

Basi kijana, usijaribu pampu kwa kidole. Nenda dukani na baiskeli yako, toa upepo tairi zima, lijaze mpaka liwe gumu, wakichukia wachukie. Ngozi ya ndani ishike, iwe laini. Na ukipewa ya fundi, ichukue hata kama mbaya.

Nyinyi wenzangu, pampu iliwahi kuwakosesha nini? Semeni. Mimi mpaka leo nikienda kwa Zuwena, kabla hajanipa kiti ananiuliza kama ngozi nimeitia mafuta.