Nimegoma kushuka, bodi ya gari la baba haikatwi

Leo nimeingia kwenye gari la marehemu baba, pale gereji Masasi, nikagoma kushuka huku grinda ya kukatia chuma inanguruma.

Ni lile gari dogo la michezo, la viti viwili, jepesi ajabu.

Injini yake ilikufa. Fundi Saidi, mzee ninayemheshimu sana, akachagua injini ya silinda sita bila kuniuliza. Haikuenea, akaamua kukata bodi.

"Shikamoo fundi. Zima hiyo."

"Marahaba, Mama Zuhura. Gari la michezo linataka injini kubwa! Mlima wa Newala utaupandaje?"

"Kwa wepesi wake. Nataka ile injini ndogo ya silinda nne, ile pale pembeni."

Gereji nzima ikacheka. Mmoja akasema hiyo ni injini ya kuendea sokoni.

Nikasema sishuki mpaka tupime uzito wa injini zote, pamoja na ile iliyokufa. Jirani kuna ghala la korosho, na mizani ipo. (Jamani, hadi wapima korosho waliacha kazi waje kutazama!)

Ile kubwa ikazidi injini ya zamani kwa karibu gunia zima la korosho.

Ile ndogo? Nyepesi kuliko hata ya zamani.

Fundi akaenda kuishika pua ya gari.

"Gunia zima huku mbele," akasema taratibu. "Kwenye zile kona za Newala lingekutupa bondeni, mwanangu."

Kisha akawageukia wenzake: "Leteni hiyo ndogo."

Na nyie mliocheka, najua mpo humu. Haya, semeni sasa, nawasikiliza.