Nimeonea wivu jiwe

Leo nimeonea wivu jiwe. Ndiyo, jiwe.

Mume wangu ni fundi wa mawe. Mwezi huu anarekebisha nyumba ya zamani ya Mwalimu Kalondu, hapa Kilungu. Mwalimu ametaka katikati ya nyumba pabaki wazi, pawe na kabustani ka Kijapani: changarawe nyeupe, mianzi michache na mawe.

Saa saba nikampelekea chakula cha mchana, sufuria ya muthokoi wa mahindi na maharagwe.

Nikamkuta amepiga magoti mbele ya jiwe moja. Analigeuza kidogo, anarudi nyuma, analitazama. Analigeuza tena. Hata kunisalimia hakunisalimia!

Na ngazi ya jikoni kwangu imevunjika tangu Krismasi, jamani.

Nikashindwa kunyamaza. "Baba Mutheu, mimi uliniangalia hivyo lini mara ya mwisho?"

Vibarua wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema polepole, "Nilikuwa nakungoja. Hili jiwe limenishinda tangu asubuhi, na wewe ndiye mwenye jicho."

Nilitaka kukataa. Lakini tayari nilikuwa nimeshaliangalia.

"Ligeuze, uso wake utazame mlango."

Akaligeuza. Mwalimu akatoka ndani, akaliona, akashika kifua. "Aiya! Sasa limekaa!"

Nikafurahi sana.

Halafu nikakumbuka hiyo bustani ni ya nani. Wivu ukarudi mara mbili! Nilitaka kudai macho ya mume wangu, nikaondoka na sufuria tupu, na jicho langu pia limebaki kwa Mwalimu.

Wake wa mafundi, hebu niambieni, nyinyi mnavumiliaje?